Baiskeli Niliyoishinda kwa Goti la Baba Yako

Ipo Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo hurudi kichwani mwangu kila ninaposikia mpira wa kikapu ukidundwa. Nimeishi nayo tangu nikiwa kijana kuliko wewe, na nilidhani nitazeeka nayo bila kukusimulia wewe. Lakini Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani hapa Kasulu, ulinivuta pembeni ukanionyesha simu yako. Ukasema, "Mwalimu, baba anasema wakati wenu hakuna aliyejua kuisoma mechi kama wewe. Nifundishe kubeti wakati wa mapumziko. Mikeka yangu inachanika kila wiki."

Nilicheka, kwa sababu ulisema kweli. Nilikuwa hodari. Kisha ukaniambia habari ya mechi ya Jumamosi hii, nikaacha kucheka.

Nitaanza kwa kukupa ulichoomba, usije ukasema mzee amekunyima. Mapumziko yakifika, watu wote hutazama ubao wa pointi. Mimi sikuutazama. Nilijiuliza pointi zimepatikanaje. Timu iliyofunga kwa mitupo ya mbali mara nyingi hupoa kipindi cha pili, maana mikono huchoka na bahati haina mkataba na mtu. Inayofunga karibu na kikapu ina uhakika zaidi. Halafu nilihesabu faulo. Mchezaji mrefu mwenye faulo nne anarudi uwanjani akiwa na hofu ya kutolewa, na anayemkaba anajua. Niliangalia pia nani anakunywa maji amesimama na nani ameinama ameshika magoti, na kama timu inayoongoza kwa pointi nyingi imeanza kutaniana benchini. Waliotaniana niliwakimbia.

Hayo ndiyo mambo yangu yote, na sitakuficha kwamba yalinifaa. Pale chuo cha ualimu hatukubeti fedha, kwa sababu hatukuwa nazo. Tulikula ugali na maharage wiki nzima, na Jumamosi jioni kila mwanachuo alipata vipande viwili vya nyama. Tulibeti nyama. Kuna muhula nilikula nyama mpaka wapishi wakanipa jina ambalo sitalitaja mbele ya mtoto wa rafiki yangu. Mechi zilikuwa mchana, nyama ilikuwa jioni, na kati ya hapo mimi nilikuwa mtu wa maana sana.

Baba yako, Bukuru, hakubeti. Yeye alicheza. Alikuwa anatoka Kagerankanda, mimi natoka Kakonko, ambayo siku zile ilikuwa chini ya Kibondo, na tulilala kitanda cha juu na cha chini tangu siku ya kwanza. Hukuwahi kumwona akikimbia, kwa hiyo acha nikueleze. Alikuwa mwembamba, na alipogeuka na mpira, anayemkaba alibaki akitazama alikotoka. Chuo kizima kiliamini atachaguliwa timu ya mkoa. Na yeye aliamini, ingawa hakusema.

Siku mbili kabla ya ile Jumamosi ninayokusimulia alianguka mazoezini, kwenye ile saruji ya uwanja wetu iliyojaa nyufa. Goti lilivimba. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, nikachana ukingo wa shuka langu nikamfunga. Akaniomba, "Paulo, usimwambie mtu. Watu wa mkoa wanakuja kutazama Jumamosi. Wakisikia goti, nimekwisha." Nikaahidi. Kwa hiyo katika chuo kizima tulikuwa wawili tu tuliojua.

Tulicheza na watumishi wa wilaya: makarani, bwana shamba, tabibu mmoja mrefu kutoka Mbeya. Watu wazima, wenye vitambi kidogo, lakini wajanja. Hadi mapumziko tulikuwa tunaongoza kwa pointi kumi na moja, na pointi zetu nyingi zilikuwa za baba yako. Mimi nilimtazama mguu. Alikuwa anatua kwa mguu mmoja, na kila alipogeuka kushoto aliuma mdomo.

Palikuwa na mwenzetu kutoka Tanga, Shabani, ambaye kaka yake alimtumia baiskeli nyeusi, mpya, na kengele yake. Siku hiyo alikuwa akitembea pembeni ya uwanja akitafuta mtu atakayebeti kwamba chuo kitafungwa, yeye abeti kwamba kitashinda. Alitania tu, alijua hakuna mwendawazimu kama huyo. Nikamwambia mimi nipo. Nikaweka redio yangu, ambayo baba alinunua baada ya kuuza kahawa, na yeye akaweka baiskeli. Tukapeana mikono mbele ya mashahidi, nao walinionea huruma.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo penyewe. Mkono wa Shabani ulikuwa haujapoa kwenye wangu baba yako alipokuja kwangu akichechemea, amejifuta jasho kwa fulana. Akainama kama anafunga kamba ya kiatu. Akasema polepole, "Paulo, linapiga sana. Nimwambie kocha anipumzishe? Nitazame wewe, wewe ndiye unayelijua."

Nilikuwa nalijua, mwanangu. Nililishika, likawa na moto. Nikaona na baiskeli pale ilipoegemezwa. Nikamwambia, "Ni kupata joto tu hilo. Kaza, ucheze."

Akanishukuru, akarudi uwanjani.

Alicheza dakika nane. Aligeuka kushoto, goti likabaki kulia. Yule tabibu wa Mbeya ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia, akamshika mguu, akatikisa kichwa kabla hata hajauliza kitu. Baba yako hakulia. Alinitafuta kwa macho kati ya watu wote waliomzunguka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa daktari wake. Watumishi walitufunga kwa pointi tatu. Watu wa mkoa walimchukua mchezaji mwingine.

Shabani alikuwa muungwana, alinikabidhi baiskeli jioni ile ile. Na wewe ungefikiri niliificha kwa aibu. Sikuificha, niliitumia. Baba yako hakuweza kukanyaga chini, na toka bwenini hadi zahanati ni mwendo wa kupanda, kwa hiyo kila siku asubuhi nilimbeba nyuma kwenye kiti, ameunyoosha mguu pembeni. Alinishika kiunoni. Njiani aliwaambia watu, "Huyu ni zaidi ya ndugu. Baiskeli yake imekuwa miguu yangu." Nilikanyaga pedali nikiwa natazama mbele, nikishukuru kwamba abiria wa nyuma haoni uso wa anayemwendesha. Nilimbeba hivyo wiki tatu.

Kisha bibi yako akaja kutoka Kagerankanda, na ndizi na mfuko wa maharage. Alinikuta uani. Hakunijua, lakini alikuwa amesikia habari zangu. Akanishika mikono yote miwili, akaniombea baraka kwa Kiha, "Imana iguhezagire, mwana wanje," yaani Mungu akubariki, mwanangu, tena na tena. Hapo ndipo niliposhindwa. Laana ningeivumilia. Nilimwambia yote pale pale: shuka, ahadi, redio, mkono wa Shabani, nilichosema na nilichojua.

Bibi yako alikaa kwenye kigoda akaanza kuchambua maharage, akitupa mabovu pembeni. Baadaye akasema, "Umeniletea mimi haya kwa sababu mimi ni mwepesi. Ni mama tu, nitalia, nitanyamaza. Mpelekee mwenye goti. Na uende leo, kesho utakuwa umepata maneno mazuri."

Nilikwenda, bila maneno mazuri. Baba yako alikuwa ameketi kitandani kwangu, cha chini, kwa sababu cha juu hakukiweza tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anitukane. Akauliza, "Kama ningekaa benchi, tungeshinda?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Na kama ningepumzika siku ile, goti lingepona?"

Nikasema tena sijui. Mimi, niliyejua kila kitu kuhusu kipindi cha pili. Akachukua fimbo yake akatoka, na tangu siku hiyo alikwenda zahanati kwa miguu yake, akisimama kila hatua kumi. Baiskeli niliirudisha kwa Shabani, naye akaikataa, akisema niliishinda kihalali. Ilibaki imeegemea ukuta wa bweni hadi mnyororo ukashika kutu, na mwishowe mpishi mmoja akaomba aichukue. Sikumuuliza anaipeleka wapi.

Hatukusema neno mwaka mzima. Halafu serikali, ambayo haijui habari za watu, ikatupanga shule moja, kule Buhigwe. Siku moja ya mvua tulikuwa tunateremka kutoka shuleni, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma hatua kadhaa, kama kawaida yetu. Pale kwenye mteremko wa udongo mwekundu akasimama. Hakugeuka. Akasema, "Paulo, nishike mkono hapa, panateleza." Nikamshika. Mpaka leo pakiteleza ananiita, na mimi huja, hata nikiwa na wageni. Unajua hivyo, umeona. Ulidhani ni uzee tu.

Kabla sijakuandikia haya nilikwenda kumwuliza kama naruhusiwa. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Mweleze yote. Na yale maswali yangu umweleze pia, kwamba bado nangoja majibu yake."

Basi nije kwako. Kuhusu zile mechi za kikapu za Marekani unazobeti kwenye simu, ushauri wangu ni mfupi: kila ulichokiona wakati wa mapumziko, aliyeweka zile namba za kampuni ya kubeti amekiona kabla yako, na analipwa mshahara kukitazama. Mimi nilishinda nyama kwa sababu nilibeti na watu wasiotazama. Wewe unabeti na mtu ambaye hasinzii. Acha, utalala vizuri, na mkeo ataacha kuniuliza una nini.

Lakini hilo si lililonifanya nikae chini kuandika. Uliniambia kwamba Jumamosi hii timu ya wasichana unayoifundisha inacheza fainali na timu ya Kibondo, kwamba vijana wa bodaboda wanabeti wakati wa mapumziko pembeni ya uwanja, na kwamba mchezaji wako, binti mwenye jezi namba saba, ameumia kifundo cha mguu na hakuna anayejua ila wewe. Ukasema hivyo ukitabasamu. Ukaniambia, "Hiyo ni faida, Mwalimu." Nililijua tabasamu lile, mwanangu. Lilikuwa langu.

Nakuomba hivi. Unachokijua juu ya maumivu ya mtu, amekupa umtunzie. Ukikiweka rehani, hata ukishinda, utambeba mtu huyo mgongoni mwako miaka yote naye akikushukuru, na hakuna adhabu nzito kama shukrani hiyo. Jumamosi, mapumziko yakifika, usiwasogelee wale vijana. Nenda kwa binti, piga goti mbele yake kwenye saruji, ukishike kifundo kwa mkono wako. Atakuuliza kama aendelee. Atakuamini kwa lolote utakalomjibu, hilo ndilo linalotisha. Mwambie akae, hata kama mnaongoza kwa pointi moja, hata kama kombe litakwenda Kibondo. Na yeye akikuuliza miaka ijayo kama mngeshinda, utamwambia hujui, na mtacheka wote wawili.

Mungu aulinde mguu wa binti huyo, na mkono wako utakaoushika. Imana iguhezagire, mwana wanje. Baba yako na mimi tutakuja kutazama. Tutafika tumechelewa kidogo, kwa sababu njia ya uwanjani nayo ina mteremko.