Mtoto Niliyetumwa Kumwona Modogashe

Niliondoka Mwingi kwa ajili ya dada yangu Ndinda. Yeye na mumewe wamekaa miaka tisa bila mtoto, na mwaka huu alijiunga na ukurasa mmoja wa mtandaoni wa watu wanaotafuta watoto wa kuasili. Humo akakutana na mwanamke aliyejiita Madam Saida. Saida alimtumia video ya msichana wa miaka minne au mitano, akasema ni yatima asiye na ndugu hata mmoja, anaishi Modogashe, na karatasi zake ziko tayari. Ndinda alikwisha kumchagulia jina, Mumbua. Mimi niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijatulia mahali pamoja mwaka mzima, kwa hiyo kazi ya kwenda kumwona mtoto kwa macho iliniangukia.

Ile video sikuipenda. Mtoto amesimama mbele ya ukuta wa mabati, anasema maneno huku akikunja vidole kimoja kimoja, lakini sauti imeondolewa. Nilipompigia Saida kumuuliza, alisema siku hiyo upepo ulikuwa mwingi. Nikaitazama tena. Mtandio wa mtoto haukupepea hata mara moja.

Saa tano asubuhi basi lilifika daraja la Tana. Polisi walitushusha tukapanga mstari na vitambulisho mkononi. Askari mmoja aliniuliza ninaenda Garissa kufanya nini. Nikajibu, kutembea. Alikigeuza kitambulisho changu mara mbili, akasema kwa upole kwamba hajawahi kuona Mkamba aliyekuja kutembea kwenye joto hili.

Garissa mjini nilichukua chumba karibu na soko. Jioni ujumbe wa Saida ukaingia: nikifika Modogashe nisimuulize mtu yeyote habari za mtoto, watu wa huko wana wivu. Niketi stendi ya malori, nimtumie picha ya mahali nilipoketi. Nilijiuliza kwa nini mtu anayedai kuishi mji mdogo kama ule ahitaji picha ili kunipata.

Siku ya pili nilipanda lori lililobeba unga. Barabara ni mchanga mwekundu na vichaka, na ngamia wanaovuka bila haraka. Dereva alitaka kujua nina duka au ni mwalimu, maana watu wa bara wanaokwenda huko huwa moja kati ya hayo. Nikasema nina jamaa. Alicheka peke yake, hakuuliza tena.

Modogashe tulifika baada ya sala ya adhuhuri. Niliketi kwenye kibanda cha chai kando ya malori, nikatuma picha kama nilivyoagizwa. Saida hakujibu. Nilipiga simu, imezimwa. Baada ya vikombe viwili udadisi wangu ulinishinda. Nilimfungulia ile video mwenye kibanda, mama mmoja wa makamo aitwaye Habiba, nikamuuliza kama anamjua mtoto huyu.

Aliitazama hadi mwisho. Akafunika birika, akaita jina kuelekea kwenye malori, na wanaume wanne wakaja wakanizunguka. Hapo nikawa na hakika kwamba yeye na Saida ni kundi moja. Mmoja wa wanaume alichukua simu yangu.

"Warya, wewe bwana, umekuja kununua mbuzi ama mtoto?"

Wenzake hawakucheka. Nilieleza yote: dada yangu, ukurasa, Saida. Walisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, wakimtafsiria Habiba kwa Kisomali kila alipokwama. Alipomaliza kusikia, aliingia nyuma ya kibanda, kwenye nyumba ya mabati, akatoka amemshika mkono msichana wa kwenye video.

Alimwambia neno moja. Mtoto akasimama wima, akaanza kukunja vidole. Ifrah, Abdi, Hassan, Nur, Gedi, Omar, akaendelea hadi vidole vikamwishia, akarudia mkono wa kwanza. Alikuwa anataja jina lake, kisha baba yake, babu yake, na baba zao wote nyuma. Huku mtoto hufundishwa hivyo kabla ya kwenda shule, ili popote atakapopotea mtu ajue ni wa nani.

"Huyu ndiyo hana ndugu?" Habiba aliniuliza.

Ifrah ni mtoto wa marehemu dada yake. Baba yake naye alikufa, babu yuko Ijara, ami yuko ng'ambo. Nilimuuliza kwa nini hakumwandikisha kwa jina la mume wake, maana ndiye anayemlea.

"Walaal, ndugu yangu, mimi nitamlisha, nitamsomesha. Lakini jina ya baba yake si yangu. Nitaifuta kama nani?"

Video ile aliipiga yeye mwenyewe, akaiweka kwenye kundi la simu la ukoo, ami asikie mtoto hajasahau majina. Haikupelekwa kwingine. Kundi lina watu arobaini na kitu, wote wa damu. Alikaa akipitisha kidole juu ya majina yao, polepole, bila kumtaja yeyote, kisha akajitoa kwenye kundi. Wanaume walinirudishia simu, wakanitafutia lori la kurudi jioni ile ile. Hakuna aliyenipa mkono.

Mwingi nilifika siku ya nne. Ndinda alisikiliza akiwa amesimama. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mtoto anakula vizuri. Nikasema anakula. Kisha akasema Jumatatu ataenda ofisi ya watoto, apange foleni kama wengine, hata ikichukua miaka. Nami nikamwambia nilichojifunza: simu hukuonyesha mtoto na kukuficha watu wake.

Hapo ndipo alipoketi. Alisema Saida alikuwa amemwomba picha akiwa na mtoto, ili aone kama watoto humzoea. Alimtumia moja, amempakata Mwende, binti wa kaka yetu, na Mwende amevaa sare yenye jina la shule yake.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi mimi ndiye ninayempeleka Mwende shuleni, na kila mgeni anayeketi karibu na lango namuuliza anamngoja nani.