Vitanda vya Wageni wa Kaskazi

Usinicheke. Kama umekuja kutafuta hadithi ya kulalia, nenda kalale. Hii niliiona kwa macho haya haya, mchana, jua linawaka, wala sikuwa nimekunywa kitu.

Ilikuwa kabla ya vita vya Hitla. Mie na shemeji yangu Mshamu, mume wa dada yangu, tulikuwa tukikata boriti za mikoko kwenye kile kisiwa kidogo mbele ya Mbweni. Mji ulikuwa unajengwa, matajiri wanataka boriti kila siku, na sisi watu wa kusini hatukuwa na nafasi ya kuchagua kazi.

Kisiwa chenyewe upande mmoja ni fungu la mchanga, upande wa pili mikoko. Kila kaskazi ikianza huja ndege kutoka mbali, sululu na vitwitwi, wengi hata mchanga huuoni. Maji yakitoka wanakula topeni. Yakijaa hawana pa kukanyaga, basi wanapanda mikokoni kulala. Watu wa Mbweni huwaita wageni, na wageni wakiwapo hawakati mkoko hata mmoja. Ukiwauliza sababu watakwambia tu, "Mgeni hanyang'anywi kitanda."

Sisi tulikata. Mpaka siku ile kilikuwa kimebaki kichaka kimoja tu, na ndege wote wamebanana humo. Alasiri, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yanapanda, tukaketi kula. Mshamu alikuwa amenasa vitwitwi kwa wavu mkuukuu, akawapika.

"Mgeni siku mbili," akaniambia, "ya tatu mtie chunguni."

Mtu wa mzaha alikuwa, Mungu amrehemu. Nilicheka, lakini ile nyama sikuitamani. Nikala muhogo wangu.

Mara akatokea bibi kizee, kajifunga kaniki, anatoka upande wa fungu ambalo maji yalikwisha kulifunika. Sasa niambie wewe: chombo pale kilikuwa mtumbwi wetu peke yake. Alikujaje? Tukamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Hapo ndipo tulipopaswa kukimbia, lakini wajua desturi yetu, unakula na mtu anapita, mdomo unasema wenyewe. Mshamu akasema, "Karibu chakula, bibi."

Akaketi. Akachungulia chunguni.

"Mnanikaribisha wageni wangu mwenyewe?" Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefiwa, na moyo uliniuma. "Wametoka mbali hawa. Mkimaliza na vitanda hivi vilivyobaki, watalala wapi?"

Mshamu akacheka. "Si walale wamesimama, bibi! Kwani miguu hawana?"

"Haya," akasema bibi. "Na wewe."

Mie nilipiga magoti, sioni haya kusema. "Tusamehe, bibi. Kichaka hiki hakitaguswa. Nitakilinda mwenyewe."

Akanitazama. "Umesema mwenyewe," akasema. Akainuka akaingia mikokoni. Ndege wote wakaruka kwa pamoja, na walipotua tena hapakuwa na mtu.

Maji yaliyofuata yalipojaa, Mshamu alisimama katikati ya chumba, hawezi kukaa wala kulala mpaka yakatoka. Kesho yake vile vile. Na bahari hujaa mara mbili kila siku, haijui sikukuu wala msiba. Tulimsomea, tukampeleka kwa waganga, mwishowe akahamia Temeke, mbali na ufuo. Kule bahari huioni wala huisikii, lakini miguu yake iliisikia. Dada yangu alimshika kiuno asianguke, akamlisha uji amesimama, huku machozi yanamtoka. Alikufa ameegemea mlango. Sijapata kuona kifo kibaya kama kile.

Mie niliacha shoka. Kila kaskazi nikawa nahamia kisiwani na mkeka wangu, nafukuza wakataji na wenye nyavu. Kichaka kikapona, kikaangusha miche, wageni wakaendelea kuja. Miaka yote hiyo, niamini, nililala vizuri.

Mwaka huu wamekuja vijana na kibali cha serikali. Nimewasimulia kama ninavyokusimulia wewe, wakanipa sigara. Nimekwenda kwa jumbe, akasema ni uzee. Juzi wameangusha mkoko wa kwanza. Na jana maji yalipojaa niliamka, nikajikuta nimesimama.

Kwa hiyo wewe unayejenga, ukiletewa boriti mbichi kutoka kule, zirudishe. Usiseme huna habari, nimekwambia. Utaziweka darini juu ya kitanda chako, na mwenye wageni atakuja kuuliza. Ukiweza, nenda kawazuie wale vijana, mie nguvu zimeniishia.

Kiti nakushukuru, lakini kaa wewe. Maji yanajaa.