Gari Lililosikika Mpaka Piyaya

Karatu ina magari ya kila namna, na mengi hayakutoka kiwandani yalivyo. Yamekatwa katikati yakaungwa chuma ili yawe marefu, yametobolewa paa ili mgeni asimame amtazame tembo, yamevalishwa matairi ambayo trekta lingeyaonea wivu. Watu hawashangai tena. Lakini gari la Marseli Hhando lilikuwa na sifa ya peke yake, kwamba kabla hujaliona umekwisha lisikia, na ukiwa na mtoto aliyelala, basi amekwisha amka.

Marseli ni Mmbulu wa hapo hapo Karatu, mtu mwembamba wa miaka hamsini na ushei, mchache wa maneno. Tangu ujana wake alikuwa akibeba abiria, unga, sukari na mabati kutoka stendi, kupitia lango la Ngorongoro, kupanda mlima wa kreta na kushuka upande wa pili mpaka kwa wafugaji wa Piyaya. Land Cruiser lake lilirefushwa chesisi, nyuma likawekwa benchi mbili zinazotazamana, na sailensa ya kupunguza mlio ikang'olewa, likafungwa bomba tupu na fundi Leonce, aliyemwambia kwamba injini ikipumua vizuri itapanda mlima bila kuomba msaada. Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya fundi anayetaka kazi. Kilichokuwa kweli ni kwamba Piyaya hakuna stendi, na ngurumo ya bomba lile ndiyo ilikuwa ratiba. Mtu mwenye safari alibaki bomani kwake akikamua ng'ombe, na gari likisikika ng'ambo ya kilima ndipo akafunga mzigo wake na kuelekea barabarani bila haraka. Wafugaji walilipatia gari lile jina la fahali, na Marseli, ingawa hakusema, alilipenda jina hilo kuliko la kwake mwenyewe.

Kuna jambo jingine alilojivunia. Katika magari mengine abiria wakitaka kushuka hugonga bodi na kupiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Katika gari lake hakuna aliyegonga. Abiria alimnong'oneza Dominic, konda, naye Dominic akanyoosha mkono akamgusa dereva bega, gari likasimama. Marseli aliona amewafundisha watu wake adabu. Nyumbani hali ilikuwa kinyume. Ester, mkewe, mwanamke aliyeolewa akiwa mpole, alikuwa amegeuka mtu wa kufoka, hata chumvi aliiomba kwa sauti ya mnadani. Marseli alimvumilia akisema moyoni kwamba uzee una mambo yake. Siku moja mama wa watu alichoka kurudia jambo lile lile akamwambia sikio la kufa halisikii dawa, na Marseli akaendelea kula ugali wake kwa amani.

Mwaka huu ulipofika ukaguzi wa magari, mkaguzi alikuwa askari wa usalama barabarani aitwaye Salima, mpya Karatu, mwenye heshima na asiyependa mchezo. Alizunguka gari, akatikisa benchi na kukuta nati zimelegea, akakuta taa moja ya breki haiwaki. Kisha akasimama nyuma na kuomba injini iwashwe. Ilipowashwa aliziba masikio kwa mikono yote miwili.

Alimwambia Marseli kwamba hana ugomvi na urefu wa gari, maana hati zake zipo. Lakini lilikuwa likipita mbele ya hospitali na shule, kisha linaingia kwenye hifadhi yenye wanyama na mifugo ya watu. Bila sailensa gari halitapata stika ya ukaguzi. Ilibidi aulize mara mbili kama Marseli ameelewa, na mara ya pili alisogea karibu na uso wake. Marseli akatikisa kichwa kukubali, akaondoka akiguna.

Leonce hakuona tatizo. Alifunga sailensa mpya, akakaza nati, akabadilisha taa, kisha akafunga lile bomba la zamani kwenye gunia na kulisukuma chini ya benchi. Alimweleza Marseli siri ambayo Karatu nzima inaijua: ukishapata stika, rudi, sailensa tunaitoa, bomba linarudi. Wakakubaliana hivyo. Stika ikapatikana bila shida, ila jioni, Leonce amekwisha funga karakana.

Asubuhi ya safari gari lilijaa mapema. Nyuma ya dereva alikaa Nashilu, mama mtu mzima wa Piyaya ambaye amesafiri na gari lile tangu akiwa bibi harusi, na miguuni pake aliweka dumu la mafuta ya kula. Marseli akazungusha ufunguo, akasubiri. Akauzungusha tena. Stata ikasaga juu ya injini iliyokwisha waka, chuma kikatafuna chuma, abiria wakakunja nyuso na wapiga debe wa stendi wakageuka kutazama. Alipotaka kuuzungusha mara nyingine, Dominic akamwahi mkono.

"Mzee, limewaka."

Marseli aliweka kiganja juu ya dashibodi, akausikia mtetemo. Akacheka, akasema Leonce amelifunga gari mdomo. Watu wakacheka naye. Nashilu hakucheka, na Dominic naye aliangalia pembeni.

Mlimani mambo yakawa mabaya zaidi. Miaka yote Marseli alibadili gia kwa kusikiliza, na ngurumo ile kubwa ilimwingia kupitia nyayo na kifua, ikajumlishwa na kile kidogo kilichobaki masikioni, ikatosha. Sasa hapakuwa na kitu. Gari lilikabwa katikati ya kona, likarukaruka, abiria wakashikana mabega. Alipata hofu ambayo hakuwahi kuipata barabarani, hata usiku wa ukungu, hata mbele ya nyati. Hakumwambia mtu. Akaanza kuongoza gari kwa kutazama mshale wa spidi kwenye dashibodi, macho yakishuka chini na kupanda, yakishuka na kupanda, na kwa namna hiyo wakavuka mlima na kuingia tambarare.

Karibu na Piyaya upepo ulikuwa unavuma kutoka mbele. Mzee mmoja alikuwa akitembea katikati ya njia, amejifunika shuka mpaka kichwani kwa sababu ya vumbi, mgongo wake kwa gari. Alikuwa Olais, ambaye watu wa huko husema hutambua kengele ya ng'ombe wake katika zizi la jirani. Upepo ulichukua ule mlio mdogo wa injini ukaupeleka nyuma. Marseli alikuwa anatazama mshale. Gari zima lilipiga kelele, mtoto akalia, Dominic akaruka juu ya mizigo na kumvuta dereva kwa kola ya shati.

Alipoinua macho alimwona. Akakata usukani, gari likaserereka kwenye majani, kioo cha pembeni kikaipiga fimbo ya mzee na kuivunja. Gari likasimama kwenye vumbi lake lenyewe.

Olais hakuumia. Aliokota nusu moja ya fimbo, akaitafuta nyingine kwa macho, akaiacha. Marseli alikuwa ameshuka, anaomba radhi kwa maneno yasiyo na mpangilio. Mzee akaja mpaka mbele yake, karibu sana, akamtazama usoni na kusema polepole, kwa midomo iliyofunguka vizuri, kama mtu aliyezoea kuzungumza naye hivyo.

"Marseli, sisi tulikuwa tunakusikia, kwa sababu wewe hutusikii. Tuliwaambia watoto, fahali akinguruma toeni mbuzi njiani, mwenyewe hasikii mluzi. Leo nani amsikie mwenzake?"

Marseli aligeuka kumtazama Dominic. Konda akainamisha kichwa. Akawatazama abiria waliokuwa wameshuka, mmoja mmoja, na hakuna aliyeonyesha mshangao. Njia nzima ilijua, kuanzia stendi mpaka kwa mama wauza maziwa wa barabarani, wote walijua na wakamfichia, na bila shaka Ester alijua kabla yao. Alijisikia uchi. Halafu, na hili ndilo lililomuuma zaidi, alijisikia amependwa sana, na hakuwa na mahali pa kuweka mapenzi yote hayo.

Nashilu akarudi garini. Alivuta lile gunia kutoka chini ya benchi, bomba likatokeza, akamwonyesha Dominic kwa kidole.

"Rudisheni hili. Tutamsikia kama zamani, hakuna mtu atakufa."

Wengine wakaunga mkono. Mmoja alisema askari hafiki huku, mwingine akasema Dominic ana spana. Walisema kwa sauti ya juu, wakimgeukia Marseli ili asikie, na safari hii alisikia mengi waliyoyasema. Lingekuwa jambo rahisi. Watu wenyewe wanataka, mzee aliyenusurika anatikisa kichwa kukubali, na Marseli alikuwa dereva kama wengine walivyo warefu au wafupi, hajui kuwa kitu kingine. Alilishika bomba mikononi. Lilikuwa zito, jeusi ndani. Akamtazama yule mtoto aliyelia garini, mtoto wa kutoka Singida ambaye wazazi wake walikuwa wanahamia huku kulima, ambaye hakuna aliyemfundisha bado kwamba gari fulani likija yeye ndiye wa kukimbia.

"Mmenisikilizia miaka mingi," alisema. "Yule afande alikagua gari tu. Mimi hakunikagua mtu."

Alilirudisha bomba kwenye gunia, akamwambia Olais kwamba atamletea fimbo ya mti wa maana kutoka Karatu, kisha akamwambia Dominic kwamba leseni yake ya udereva aliyoitunza kwenye pochi tangu mwaka juzi ilikuwa inaoza bure. Dominic akasema Marseli apumzike kidogo tu, wakifika ataendelea mwenyewe, na tena hospitalini kuna wataalamu wa masikio. Marseli akasema ataenda kwa wataalamu, lakini kwa miguu yake au akiwa abiria. Akachomoa ufunguo na kumpa.

Watu walipanda. Marseli alisimama kwenye mlango wa nyuma bila kujua aanzie wapi, maana hakuwa amewahi kukaa kwenye benchi zile. Nashilu akavuta dumu lake, akasogea, mwenzake naye akasogea, nafasi ikapatikana. Akakaa, mikono juu ya mapaja, ikiwa haina cha kushika. Dominic akawasha gari, na abiria wote wakamgeukia Marseli, wakitaka kuona kama amesikia. Hakusikia. Alitazama dirishani akasubiri, mpaka migunga ilipoanza kurudi nyuma, ndipo akajua kwamba wameondoka.