Magdalena na Celica ya Njano

Kwa miaka kumi na tisa Magdalena alilipwa kwa kwenda polepole. Kazi ya trekta ndiyo ilivyo. Kwenye shamba la mkonge, njia ya Kimamba, yeye alikuwa mwanamke pekee aliyekabidhiwa usukani. Kila asubuhi alipanda juu, akakaza kilemba chake, akavuta tela la majani ya mkonge kwa mwendo ambao kuku angeweza kuvuka mbele yake, akaghairi, akarudi alikotoka bila hata kukimbia.

Si kwamba aliichukia kazi. Trekta lilimsomeshea binti yake Editha mpaka chuo cha uuguzi, na hiyo ni baada ya baba Editha kufariki mtoto akiwa darasa la tatu. Trekta hilohilo ndilo lililojenga nyumba yake ya Magomeni pale Kilosa, yenye vyumba vitatu vya kupangisha uani. Na katika kuyafanya yote hayo hakukopa senti ya mtu. Alijenga tofali moja moja, miaka minane, na kama hela haipo, ukuta unasubiri.

Basi Juni ikafika, binti wa dada yake akaolewa Mikumi. Bibi harusi akaletwa kanisani ndani ya gari dogo la njano, la milango miwili, limeinama mbele kama paka anayetaka kuruka. Wageni wote wakamtazama bibi harusi. Magdalena akalitazama gari. Liliposimama, dereva alikanyaga mafuta kidogo kabla ya kuzima, na ule mngurumo ukampanda Magdalena kuanzia kwenye nyayo hadi kwenye hereni.

Ibada ilipokwisha alimfuata dereva, kijana mmoja aitwaye Nickson, aliyefanya kazi kwenye kambi ya watalii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ni kitu gani?"

"Celica hiyo, mama. Kaa ndani uone."

Magdalena akakaa. Akajikuta chini karibu na ardhi, miguu imenyooka mbele, yeye aliyezoea kuwatazama watu kwenye utosi. Akashika usukani. Akacheka peke yake, cheko la msichana wa shule.

"Nauza, mama," Nickson akasema. "Desemba nahamia Arusha. Milioni tisa."

Mwanamke mwenye umri wa miaka arobaini na saba, mfanyakazi wa mkonge, mwenye gauni la kitenge la sare ya harusi, angepaswa kutoka kwenye kiti kile na kwenda kula pilau. Magdalena alitoka, akaenda kula pilau, na akiwa anatafuna akamwambia dada yake, "Nanunua lile gari." Dada yake akamwongezea nyama, akidhani ni njaa.

Kabla ya kuondoka Mikumi alimwachia Nickson laki mbili. "Chukua hii ya kishika uchumba," alisema. Wakaandikishana kwenye karatasi mbele ya mashahidi wawili, kwamba gari halitauzwa kwa mtu mwingine hadi mwanzoni mwa Desemba.

Jumatatu akaenda Saccos ya wafanyakazi wa mashamba, mjini Kilosa. Alikuwa mwanachama tangu aajiriwe, ila alichowahi kufanya pale ni kuweka tu. Afisa mikopo, dada mdogo aitwaye Agatha, alifungua jina lake kwenye kompyuta, akashusha ukurasa, akaupandisha, akakunja uso.

"Mama, hujawahi kukopa kabisa? Hata mkopo wa dharura?"

"Hata chumvi kwa jirani."

"Sasa hapo ndipo penye tatizo."

"Tatizo? Kwa kutodaiwa?"

"Kamati ikiletewa mtu aliyekopa mara tatu akalipa, inajua analipa. Wewe haikujui. Una akiba milioni mbili, kwa kanuni unaweza kuomba hadi mara tatu yake. Lakini hakuna kinachoonyesha kwamba ukidaiwa utalipa."

"Kwa hiyo waaminifu ndio hawaaminiki!" Magdalena akashangaa, wakacheka wote wawili. Kisha Agatha akasogeza kiti. Akampa ushauri ambao haukuwa kwenye fomu yoyote: ajifanye tayari anadaiwa. Kila mwezi, siku ya mshahara, alete pale laki mbili kamili, kama vile ni rejesho. Aone kama anaishi. Kama ataishi, kamati nayo itaona.

Ile miezi sita ilikuwa ya ajabu. Magdalena aliacha kununua vitenge. Soda ya Jumapili ikawa maji. Simu ya vifurushi vikubwa ikawa simu ya kubipu, mpaka Editha akapiga kutoka chuoni kuuliza kama mama yake anaumwa. Na bado Magdalena alikuwa na furaha isiyoelezeka. Akiwa juu ya trekta, akibadilisha gia, alianza kutoa sauti kwa mdomo: vuuum! Wakata mkonge wakamsikia. Akipita wakawa wanapaza sauti, "Mama Editha, kona hiyo, punguza mwendo!" naye anapunga mkono kama dereva wa mashindano, tela linamfuata nyuma kwa mwendo wa msiba.

Wadhamini walitakiwa wawili. Makarius, fundi wa mitambo pale shambani, alikubali hata kabla hajamaliza kuombwa. Yeye alitaka tu kuishika ile injini. Wa pili, Hussein mtunza stoo, alikuwa mgumu.

"Mama Editha, wewe ukishindwa wanakata mshahara wangu. Nikifika nyumbani nitasemaje? Nimekatwa kwa ajili ya gari la njano?"

Magdalena hakubishana. Alimwekea mezani risiti tano, za miezi mitano, kila moja laki mbili, kila moja tarehe ileile. Hussein akazipanga, akazipangua, akatoa kalamu sikioni. "Lakini utanipitisha nalo mbele ya nyumba yangu," akasema, akatia saini.

Mwishoni mwa Novemba kamati ikamwita. Watu watano kwenye meza ndefu, na mwenyekiti wao Bi Anastazia, mwalimu mstaafu ambaye hata mabosi wa shamba walimsalimia wakiwa wamevua kofia. Fomu ya Magdalena ilikuwa mbele yake. Penye dhumuni la mkopo palikuwa na visanduku vya ujenzi, ada, kilimo na biashara. Magdalena alikuwa ameweka alama penye "mengineyo," na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: GARI LA MWENDO.

"Shikamoo mama mwenyekiti."

"Marahaba. Kaa. Hili gari litabeba mpunga?"

"Hapana, mama."

"Mkaa?"

"Halibebi."

"Abiria?"

"Kiti cha nyuma anakaa mtoto, mama, tena asiwe na miguu mirefu."

"Sasa linabeba nini?"

"Linanibeba mimi, mama."

Mjumbe mmoja alikohoa ndani ya kiganja. Mwingine akainamia makaratasi, mabega yakimtikisika. Bi Anastazia hakucheka. Aliuliza: ukiugua? Magdalena akajibu kwamba kodi ya vyumba vitatu ni elfu tisini kwa mwezi, na kuna nusu eka ya mpunga Chanzuru. Ukiachishwa kazi? Ataliuza, na kadi ya gari si itakuwa kwao mpaka amalize? Bima? Bima kubwa, hela yake ipo pembeni. Mafuta? Litatembea Jumapili tu. Kazini ataendelea kupanda lori la wafanyakazi.

Bi Anastazia akavua miwani.

"Miaka kumi na mmoja nimekaa hapa," akasema. "Watu wananiletea ujenzi wa nyumba ambazo hazionekani, na ada za watoto waliokwisha kuoa. Wewe ni wa kwanza kuniandikia unachokitaka kwa jina lake. Umeomba milioni sita. Tunakupa tano, kwa miaka mitatu. Hiyo moja tunayokunyima ndiyo itakayokuachia unga ndani."

Magdalena alishuka ngazi za ofisi akiwa hajui kama anatembea au anateleza. Mlangoni alimkumbatia Agatha, akamkumbatia na mlinzi, ambaye hakuwa amefanya lolote.

Sasa hesabu ikawa hivi: mkopo milioni tano, mpunga wa misimu miwili na vijisenti vyake vya ndani milioni tatu na laki nne, na ile laki mbili ya uchumba. Jumla haikufika tisa, na bima ilikuwa inasubiri yake. Jumamosi alipanda nyuma ya pikipiki ya Makarius, wakapita njia ya kijiji cha Ulaya, na walipofika Mikumi walikuwa wa rangi moja, rangi ya vumbi.

Makarius hakusalimia sana. Alilala chini ya Celica na miguu tu ikabaki nje. Aliwasha, akazima, akanusa mafuta ya injini kama mpishi anayenusa mchuzi. Alipotoka alikuwa amependa, lakini alijua kuficha.

"Injini safi," alisema. "Lakini tairi hizi zimezeeka, zimekauka zote nne. Na betri inakaribia kuaga."

Nickson akajaribu kubisha. Makarius akamshika mkono, akampeleka kwenye tairi moja baada ya nyingine, akambonyezesha kwa kidole. Walipomaliza kuzunguka, milioni tisa ilikuwa milioni nane na laki mbili, pamoja na ile ya uchumba, na Nickson akaongeza na turubai la kulifunikia. Wiki iliyofuata Saccos ikamlipa, karatasi zikabadilishwa, bima ikakatwa. Fundi akafunga tairi mbili mpya mbele; za nyuma zilipangiwa bonasi ya Desemba.

Siku ya kulichukua, Makarius alimfikisha Mikumi, akageuza pikipiki yake kuelekea Ulaya. "Nifuate nyuma polepole," akasema.

"Mimi napita Morogoro."

"Morogoro! Mama Editha, hapa mpaka nyumbani ni kilomita sabini na kitu. Huko ni zaidi ya mia mbili!"

"Najua. Huku kuna mashimo, na gari langu liko chini."

"Na mafuta?"

"Nimeyatenga tangu Agosti."

Makarius akamwangalia, akatikisa kichwa, kisha akatabasamu hadi jino la pembeni likaonekana. "Nenda zako," akasema.

Njia ya Morogoro hupita katikati ya hifadhi, na ndani ya hifadhi mwisho ni hamsini. Kwa hiyo Magdalena, aliyengoja miezi sita kwa ajili ya mwendo, aliingia barabarani akaanza safari yake kwa hamsini kamili. Malori mbele, malori nyuma. Swala walikuwa wanakula pembeni. Nyani mmoja alikaa ukingoni, akaitazama ile njano ikipita, akageuza shingo kuisindikiza. Kisha twiga watatu wakaamua kuvuka. Magdalena akasimama, akatazama juu kupitia kioo cha mbele na hakuona vichwa, aliona miguu tu, miguu isiyokwisha. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka dereva wa lori nyuma yake akapiga honi. Kwa sababu hata hiyo hamsini, ukiipima vizuri, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kasi yoyote aliyowahi kupewa na trekta!

Kibao cha mwisho wa hifadhi kilipopita, akashusha vioo. Akakanyaga. Mshale ukapanda sabini, themanini, tisini. Kilemba kikafunguka, kikarukia kiti cha nyuma. Mashamba ya mahindi yakawa mstari mmoja wa kijani, na Magdalena wa mkonge akapiga vigelegele peke yake ndani ya gari, kama mtu anayejioza mwenyewe.

Dumila trafiki akanyoosha mkono. Moyo ukamshuka hadi kwenye klachi. Askari akalizunguka gari zima, akainama dirishani.

"Mama, gari la nani?"

"Langu, afande."

"Lako peke yako?"

"Mimi na Saccos."

Askari akacheka, akakagua leseni, akakagua bima, akarudisha vyote kwa mikono miwili. "Nenda mama. Ila taratibu."

Alifika Magomeni saa kumi na moja jioni. Alianza kwa kupita mbele ya nyumba ya Hussein, mara mbili, na Hussein akatoka na kanzu akapiga makofi. Uani kwake wapangaji walikuwa wamesimama mstari. Bi kizee wa jirani akagusa boneti, akauliza kama linauma.

Haikuwa rahisi siku zote. Machi mpangaji mmoja alihama na elfu thelathini zake, na mvua zikaanza. Magdalena alilipa rejesho kwanza, kisha akalifunika gari turubai kwa wiki tano na kwenda kanisani kwa miguu. Kila jioni alifunua upande mmoja, akapangusa, akafunika. Rejesho halikuchelewa hata siku moja. Agatha siku hizi anapopata mwanachama anayeogopa kukopa, humwonyesha ukurasa wa Magdalena akiwa ameficha jina, lakini kila mtu anajua.

Mei shangazi yake, Bibi Teresia, alishuka kutoka Vidunda kuja kutibiwa macho hospitali ya wilaya. Magdalena alimfuata hospitalini na Celica. Kumwingiza haikuwa kazi. Bibi alijiachia tu, akazama kwenye kiti. Walipofika Magomeni ndipo ikaonekana kwamba kumtoa ni jambo jingine. Magdalena akavuta mkono mmoja, mpangaji akavuta mwingine, bibi akainuka nusu, akarudi chini pwaa! Akashikwa na kicheko, bandeji ikiwa kwenye jicho moja, machozi yakimtoka kwa jicho la pili. Wakajaribu tena. Akawasukuma mikono.

"Niacheni," akasema akihema. "Mbona mnanitoa haraka hivyo? Magdalena, washa. Tuzunguke tena, na safari hii usiendeshe kama unabeba mayai."