Kisima cha Fundi Betri

Mtaa mzima ulimwita Chuma, kwa sababu mafua yaliyowalaza wengine kitandani yeye yalimpita kando kama hayamjui. Kazi yake ilikuwa betri za magari. Nyuma ya nyumba, karibu na kisima, alizipasua zile zilizokufa, akamwaga maji yake makali chini, akatoa risasi, yale madini mazito yaliyomo, na kuiyeyusha katika sufuria kuukuu. Ardhi ilinywa kila kitu. Hapakuota hata jani.

Majirani walichota kisimani kwake na kumshukuru, maana hakumnyima mtu.

Wa kwanza kuugua alikuwa paka wao. Alipepesuka kama mlevi, akafia chini ya ngazi. Kisha mkono wa kulia wa Chuma ukaanza kumkataa: alinyanyua kikombe, kifundo kikalegea, chai ikammwagikia mapajani.

"Umezeeka, mume wangu," mkewe alimtania.

Alicheka naye. Lakini kilichomkosesha raha ni bintiye mdogo, Kasuku, aliyekuwa akiongea mpaka watu wakaomba poo. Sasa maneno yalimtoka kwa nadra, na mengine alikuwa ameyasahau kabisa.

Mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi maabara ya hospitali, alikuja kuwasalimu. Alimtazama mtoto, akautazama ule mkono, akatoka na Chuma hadi uani.

"Shemeji, maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Si hapo hapo kisimani. Maji safi, unaona mpaka chini."

"Risasi ya betri zako imeingia humo. Ikishayeyuka majini huioni."

Akamweleza kwamba mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno kuonekana kwa macho, na seli nazo hunywa. Utando wake hubonyea kwa ndani, ukafumbata tone la maji, ukalimeza pamoja na chochote kilichoyeyuka humo.

"Haionji kwanza?"

"Kwa unywaji huo haichagui. Ina milango mingine inayochagua, ila risasi hupenya hata huko. Inajifanya kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, ikafunguliwa."

"Na kichwani, je, inafika? Mtoto?"

Shemeji alikuwa amesharudi ndani. Alikuwa tayari anamvalisha Kasuku viatu. "Twendeni hospitali. Sasa hivi."

Damu zao zote zilikutwa na risasi, ya mtoto kuliko zote. Wakapewa dawa ya kuivuta itoke kwa mkojo. Mkono wa Chuma ulipata nafuu nusu nusu. Kuhusu Kasuku daktari alisema tu, "Tusubiri," huku akitazama pembeni.

Waliporudi, Chuma alikifunika kisima kwa bati, akaenda mlango hadi mlango kuwaambia majirani kwamba maji yana sumu. Wengine walimtukana. Wengine walidhani ugonjwa umempanda kichwani. Nyumba ya mwisho alifunguliwa na jirani aliyekuwa mjamzito.

"Karibu, kaka. Afadhali umekuja. Huyu mwanangu mkubwa siku hizi anaanguka anguka tu, sielewi. Kaa, nikuletee maji."

Chuma alishika mwimo wa mlango.

"Usilete, dada," alisema. "Kaa wewe kwanza."