Kadi ya Zawadi ya Shemeji

Shemeji yangu, fundi simu, simpendi na sijawahi kumficha. Maneno mengi, kazi haba. Kibandani kwake kuna simu zilizofunguliwa tangu mwaka juzi, kila moja na skrubu zake ndani ya kizibo cha chupa, naye ameinamia ya kwake akitazama kripto, zile sarafu za mtandaoni, zikipanda na kushuka.

Cherehani ya mdogo wangu, mkewe, ilikufa wakati sare arobaini za shule zimeshakatwa na zinatakiwa Jumatatu. Mumewe akasema atanunua nyingine kwa kripto. Duka kubwa la mjini halipokei sarafu hizo, ila linapokea kadi za zawadi, zilizolipiwa kabla. Basi akalipa kripto yake mtandaoni, akaletewa kadi: namba kumi na sita ndani ya simu. Anayewahi kuziandika ndiye anayenunua.

Mimi nilikuwa nimeziita sarafu zake pesa za ndotoni. Ili anifunge mdomo, akaituma picha ya kadi nzima, namba zote, kwenye kundi la familia.

"Shemeji, kodoa macho," akaandika.

Nikakodoa. Kisha nikaingia kwenye tovuti ya duka, nikaandika namba zile, nikaagiza cherehani ileile aliyoitaka mdogo wangu, kwa jina lake, ipelekwe kwake kesho yake jioni. Sikuiba hata senti. Nilitaka tu mwanamume yule aumbuke.

Asubuhi nikawasindikiza dukani. Sikutaka kusimuliwa.

"Kadi hii imeshatumika," alisema keshia.

"Hebu jaribu tena," shemeji akamwambia.

Alijaribu mara tatu. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna. Shemeji akawa anafuta kioo cha simu kwa shati, anafuta tu. Mdogo wangu alikaa chini pale pale kaunta akalia.

"Nitawaambia nini walimu?"

Nikamshika bega. "Ndiye mumeo huyo. Mdomo uliponza kichwa."

Moyoni nilifurahi, kusema kweli.

Jioni cherehani ikafika, nami nipo. Risiti ilikuwa na jina la mdogo wangu na namba yangu ya simu. Aliisoma mara mbili.

"Dada, pale dukani ulinishika bega."

"Nilitaka umjue mumeo."

"Mume wangu namjua siku zote."

Akamwita, wakaibeba wawili mpaka ndani, wakafunga mlango. Siku hizi sare za wanangu nazipeleka kwa fundi mwingine.