Mvua Isiyohitaji Mwavuli

Majira ya kuchipua Guangzhou yalianza na uvundo. Kuta za chumba chetu zilitoka jasho, nguo zilikaa kambani siku nne bila kukauka, na viatu vyangu vya shule viliota kuvu ningali navivaa. Nje, misufi ilidondosha maua mekundu mazito, na kila ua lilipoanguka kwa kishindo mama alishtuka. Mwaka ule alishtushwa na kila kitu, hata mlango wa lifti. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kimekwisha, na akikamatwa ni kufungiwa na kurudishwa Dar es Salaam. Hilo nililijua, ingawa nilikuwa na miaka tisa na watu wazima walidhani sijui lolote.

Walikuwa na lugha yao. Askari wa kukagua pasipoti waliitwa mvua. Hakuna aliyenieleza, lakini nilishaona kwamba tukiwa Zhongda, kwenye soko la vitambaa, simu ikilia na mama akaambiwa kuna mvua, hachukui mwavuli. Anaacha majora ya vitambaa mezani, hata kama bei imeshakubaliwa, ananishika mkono tunatokea ngazi za nyuma. Mpigaji mara nyingi alikuwa Saida, shoga yake wa Unguja, aliyekaa jengo moja na sisi na ambaye karatasi zake zilikuwa safi.

Shule yetu ilikuwa ghorofani, ya watoto wa wafanyabiashara wa kila taifa. Mwezi huo wa tatu tuliandaa sherehe moja ya mambo mawili: historia ya wanawake na kuyakaribisha majira mapya. Wenzangu walichora malkia na wapigania uhuru. Mimi nilimwandika mama, mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kuja China kufuata vitambaa mwenyewe. Mwalimu akataka mama asimame jukwaani nikisoma. Mama alikataa mara mbili. Nikanuna siku tatu, nikasusa chakula, nikashinda. Mpaka leo nikinuna huwa nashinda, na sijivunii.

Siku yenyewe alikuja amejifunga kanga mpya, akanipa simu yake nimshikie huku mwalimu akimbandika ua la karatasi kifuani. Simu ikalia. Alikuwa Saida.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mwambie mamako mvua ishashuka hapa jengoni, asirudi nyumbani. Ushasikia, mwanangu?"

"Nimesikia."

Jina langu lilikuwa linaitwa. Nikajiambia nitamwambia tukishuka jukwaani, maana nikimwambia sasa ataondoka, nami nitasoma peke yangu kama yatima. Nikasoma. Ukumbi ukampigia makofi, mama akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi. Zikaja sambusa, zikaja picha. Ningependa kusema nilisahau. Ukweli ni kwamba nilikumbuka tukiwa njiani, nikaogopa kugombezwa kwa kuchelewa kusema, nikanyamaza. Mlangoni pa jengo walisimama wanaume wawili wenye sare. Mama aliachia mkono wangu kabla hawajamgusa.

Siku ya kurudishwa, Saida alituletea masanduku uwanja wa ndege. Mama, katikati ya askari, alimuuliza swali moja tu.

"Saida, hata simu?"

Saida alinitazama mimi. Kisha akamgeukia mama.

"Nisamehe, shoga yangu. Nilipitiwa."

Siku hizi mama ana duka Kariakoo. Vitambaa anaagiza kwa simu akiwa ameketi, na hakuna mlango wa nyuma anaouhitaji. Ukimsikia, utadhani kufukuzwa kule kulikuwa heri kwake. Lakini mama hakumsemesha Saida tena. Mimi nimekuwa mtu mzima, nina mtoto, na nimenyamaza miaka yote hii kwa woga uleule wa mtoto wa miaka tisa. Mwezi uliopita Saida alifariki Unguja. Mama alisema yeye hana msiba huko. Nilikwenda peke yangu, nikaketi na wafiwa. Binti yake aliniandalia chai kwa heshima zote, akaniuliza mbona mama hakuja. Nikamwambia anaumwa miguu.